Kishikwambi Kinajifunza Adabu

Baba mkwe wangu anaitwa Mvula. Hapa ninaliandika tu jina lake, silitamki, maana kalamu haina ulimi. Tangu siku niliyoingia nyumbani kwake nimejitanda blanketi mabegani na kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi, neno hilo halijatoka kinywani mwangu, hata ninapokitaja kitu chenyewe kile kinachotoka mawinguni na kupiga mabati. Makoti, mke aliyeletwa ukweni, hatamki jina la baba mkwe. Kwa hiyo kitu kile mimi nakiita "ile ya juu". Ile ya juu inakuja, tuanue nguo. Ile ya juu ya mwaka huu imechelewa. Nimezoea hivyo mpaka mwanangu Lelethu, ambaye ni mjukuu na anaruhusiwa kila kitu, naye anasema ile ya juu. Babu yake akimsikia hucheka mpaka kikohozi kimshike.

"Mnamsikia huyu?" huwauliza mbwa, kama hakuna mtu mwingine karibu. "Ananiheshimu, na wala sijamtolea ng'ombe wa mahari!"

Shida ilikuja na kishikwambi.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, bibi yangu alipougua na hakukuwa na mwingine wa kumwangalia. Nilipoolewa na Sindile nikasikia kuna masomo ya jioni katika ukumbi ulio juu ya kilima, nilimwomba mama mkwe ruhusa huku nimepiga magoti. Alinitazama, akafunga kilemba chake vizuri, akasema, "Tutakwenda wote. Unadhani wewe peke yako ndiye unayetaka kujua dawa imeandikwa nini kwenye chupa?" Tangu hapo, kila Jumatatu na Jumatano tunapanda kilima pamoja, yeye mbele na mimi nyuma na Lelethu mgongoni.

Mwalimu wetu, Jolene, ni binti wa mji wa Kapa. Lugha yetu aliikuta ukubwani, na vile vidoko vyetu vya ulimi bado vinamteleza, lakini hana aibu ya kukosea, na ndiyo maana sisi watu wazima tunampenda. Alituletea vishikwambi kwenye sanduku la bati. Unavaa hedifoni, kinakuonyesha maneno, wewe unasoma kwa sauti na chenyewe kinakusikiliza. Neno ulilolisoma sawa linageuka kijani. Ulilokosea linakuwa jekundu. Ukimaliza kinakupa alama, na hakijui kama umeacha mtoto anaumwa wala kama leo ilikuwa zamu yako ya kuchota maji. Jirani yetu MaDlomo, ambaye hana kitu asichokitania, alikiita Hakimu.

Mimi nilikuwa na haja na Hakimu kuliko wote. Mama mwenye shule ya watoto wadogo kule bondeni alikuwa ameniambia, "Msaidizi wangu anaondoka Disemba. Nafasi yako ipo, watoto wanakupenda. Lakini niletee cheti cha kusoma, mpenzi wangu. Watoto wanasomewa hadithi kila siku, na wakaguzi wakikukuta huna cheti wananifungia mlango." Nilishajiona ndani ya chumba kile chenye mikeka ya rangi, Lelethu miguuni pangu, mimi nimeshika kitabu na watoto wamenyamaza kimya. Cheti kilitaka alama themanini katika mtihani wa mwisho wa mwaka.

Mimi nilikuwa napata hamsini na tisa. Nikijitahidi sana, sitini na mbili.

Kusoma nilikuwa najua. Ila walioandika masomo ya mwaka ule waliamua yote yawe ya kilimo. Na kilimo bila ile ya juu ni kilimo gani? Kila ukurasa ilikuwepo. Inanyesha, imekatika, imerudi, imeharibu njia, imejaza bwawa. Kila nilipofika pale, ulimi wangu ulipita njia yake ya siku zote, ukasema "ile ya juu", na Hakimu akaweka wekundu.

Mwalimu Jolene alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Nosicelo, mbona sielewi? Nikiongea na wewe unajua kila kitu. Kuna neno linakusumbua?"

Nikatazama sakafu.

"Ni neno gani? Nitajie, tulifanyie mazoezi."

Nitamtajiaje? Na mama mkwe yuko meza ya pili, hedifoni zimekaa juu ya kilemba chake, anahangaika na "baba analima". Nikisema kinachonikwaza, si ataona naulalamikia ukoo wake?

"Ni maneno tu, Mwalimu."

"Maneno yapi?"

"Yale mekundu."

Akacheka kwa upole, akanigusa bega, akaenda kwa wengine. Nilibaki na Hakimu wangu. Nilijaribu hila zote. Nilikohoa nilipofika kwenye neno lile, kikohozi kikahesabiwa kosa. Nikainong'ona ile ya juu yangu haraka haraka nikidhani itapita. Haikupita. Jioni moja nikajiambia, Nosicelo, hapa hakuna anayekusikia. Mdomo wako na mashine, basi. Litaje liishe.

Nikafungua mdomo. Midomo yangu ikakutana kwa herufi ya kwanza, ikabaki hapo hapo. Nilikuwa nimekumbuka baridi ya mwaka juzi, Lelethu anahema kwa shida, Sindile yuko mbali kwenye mashamba ya matofaa, na mzee huyu mwenye kikohozi chake akamvika mtoto koti lake mwenyewe, akapanda naye farasi hadi zahanati, yeye akiwa na shati tu. Sikuwa namwogopa, wala hakuna aliyekuwa amenishikia fimbo. Lakini kile ndicho kitu changu pekee nilichoweza kumpa mzee yule kila siku, na sikutaka kumpokonya kisiri ndani ya hedifoni.

Nikasoma "ile ya juu". Sitini.

Wiki tatu kabla ya mtihani, Mwalimu alileta spika kubwa ili tumsikie MaDlomo, aliyekuwa amepata tisini na kuanza kutembea kama diwani. Kumbe kila tunachosoma kinahifadhiwa, sauti na yote. Akabonyeza. Lakini kidole kilikuwa kimekwenda kwenye jina la chini yake, na ukumbi mzima ukajaa sauti yangu:

"Asubuhi ile ya juu ilinyesha. Wakulima walifurahi kuiona ile ya juu. Bila ile ya juu, alisema mzee, hatuna chakula."

Halafu MaDlomo akapiga makofi mapajani.

"Yoo! Jamani! Makoti wa Mvula! Anaheshimu mpaka kwa Hakimu!"

Ukumbi ukalipuka. Tata Sokhaya, yaani baba Sokhaya, mstaafu wa mgodini ambaye huwa hacheki, alitoa miwani akaifuta. Mwalimu Jolene alikuwa anageuza kichwa huku na huku.

"Ile ya juu ni nini? Mbona kwenye somo haipo?"

Wakamjibu wote kwa mpigo, kila mtu kwa sauti yake, ikawa kelele tupu. Mimi nilikuwa nimevuta kitambaa mpaka puani. Nilitamani Lelethu alie ili nipate sababu ya kutoka, lakini mtoto wangu alikuwa anakula gwinya, andazi letu, kwa raha zake.

Kisha nikaona mama mkwe anavua hedifoni. Akaziweka mezani, akasimama.

"Rudisha," akasema.

Mwalimu akarudisha. *Asubuhi ile ya juu ilinyesha.*

"Tena."

Ikasikika tena. Nilipoinua jicho nikaona mama mkwe amesogelea spika.

"Mnasikia?" akasema. "Alikuwa peke yake. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa pale na masikio yamezibwa, na bado alikuwa anamheshimu mzee wangu." Akamgeukia Mwalimu. "Sasa niambie, mwanangu. Huyu amekosa wapi?"

"Hajakosa, Mama. Mashine ndiyo haijui neno hilo."

"Basi ifundishwe. Sisi wote humu ndani tulikuja hatujui, ukatufundisha bila kututukana. Yenyewe ina nini cha ajabu?"

Mwalimu Jolene alifungua mdomo kama mtu anayetaka kueleza kwa nini haiwezekani. Akaghairi. Akakaa na kishikwambi chake, akapekua, akapekua tena, MaDlomo akimpumulia begani.

"Kuna sehemu," akasema taratibu. "Ya maneno ya mahali. Kila kituo kinaweza kuongeza neno, likahesabiwa sawa hata kwenye mtihani. Lakini wanataka sauti kumi na mbili, za watu tofauti, kila mmoja alitamke vizuri. Tukizituma Jumatano, ofisi inaweza kulikubali kabla ya mtihani."

"Kumi na mbili!" MaDlomo alishajipanga. "Anza na mimi. Baba mkwe wangu ana jina la nabii, sina neno la kukwepa, lakini mdomo ninao."

Jumatano hiyo ukumbi ulijaa kama kuna harusi. Wanawake waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasani walipanda kilima na sufuria za mahindi na maharage, wengine na watoto mgongoni, kuja kusema maneno matatu kwenye mashine. Mama mkwe alikaa karibu na Mwalimu kama msimamizi. Kila aliyetamka ovyo alirudishwa.

"Usiseme kama unamwita kuku. Sema kama baba mkwe anapita."

Yeye ndiye bingwa wa mambo haya. Baba mkwe wake alikuwa na jina la maji. "Hebu fikiria," aliwaambia wasichana, "unapika, unafua, una kiu, na miaka yote huwezi kukitaja unachotaka kunywa! Nyinyi wa siku hizi mnalia na neno moja ambalo lenyewe linakuja likitaka."

Wanaume wa darasa walikataa. Tata Sokhaya alishika mlango kabisa. "Nitamke neno la makoti? Kesho mtanivalisha sketi."

Ikafika kumi na moja, tukakwama. Akina mama wote waliokuwepo, hata Mwalimu, walikuwa wamesema, na wengi mashine iliwakatalia. MaDlomo akajaribu mara ya pili kwa sauti nyembamba ya kitoto, kishikwambi kikaandika kwamba sauti hii imeshapokelewa.

"Kijasusi!" akakipigia kelele. "Kinanijua kuliko mume wangu!"

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa natazama dirishani. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima, na Mwalimu alitakiwa kushuka mjini kabla giza halijaingia, maana huko ndiko kuna mtandao wa kuzituma sauti. Nikaanza kukusanya sufuria. Nikajisemea, basi, hata hivi wamenifanyia jambo ambalo sitalisahau.

Ndipo tukasikia farasi. Baba mkwe, ambaye nami humwita Tata, alikuwa amekuja kumpokea mkewe, kama afanyavyo kila siku ya darasa, na kama kila siku alisimama nje, mbali na mlango. Nikasimama, nikashusha kitambaa. Mama mkwe akatoka. Tulisikia kila neno.

"Mzee, ingia useme neno kwenye mashine."

"Neno gani?"

"Ile ya juu."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo wewe."

"Mimi niko hapa chini."

"Mzee, usinichoshe. Mtoto wako anataka cheti."

Akaingia kofia mkononi. Watu wote wakasimama. Mwalimu akamweleza, yeye akaitikia kwa kichwa polepole mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "leo nijiheshimu mwenyewe."

"Mara moja tu, Tata," MaDlomo akadakia. "Tukutolee ng'ombe?"

Akainama mbele ya kishikwambi, akavuta pumzi, akatoa sauti ile ya kuita ng'ombe waliovuka mto: "ILE YA JUU!" Lelethu akaruka. Mashine ikakataa.

"Polepole, Mzee. Kama baba mkwe anapita."

"Baba mkwe ni mimi!"

"Basi kama unapita."

Akasema tena, kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa. Kijani.

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa kijiji wakajibu. Tata hakutoka mara moja. Alitazama dari, maana hatutazamani usoni, akasema kwa sauti iliyonifikia mimi tu na walio karibu:

"Makoti, kama neno lile linakufungia njia, litaje. Mimi sitapungua."

Nikaijibu sakafu. "Tata, sitaki kulitaja. Nataka kusoma."

Akaigeuzageuza kofia yake mkononi.

"Haya," akasema. "Basi soma."

Jibu la ofisi lilikuja siku mbili kabla ya mtihani. Neno limekubaliwa. Mwalimu Jolene alitupigia simu akiwa anapiga kelele, na vidoko vyote vya ulimi alivitoa sawa, bila hata kujua.

Siku yenyewe mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi. Somo langu lilipotokea nikacheka peke yangu. Lilikuwa "Siku ya Mvua". Nikavaa hedifoni, nikasogeza mdomo, na sekunde ile ile ikaanza. Ilianguka juu ya mabati kama mtu amemwaga mchanga kwa malori. Nilisoma mstari wa kwanza, sikujisikia mwenyewe. Kioo kikaandika, *Siwezi kukusikia.*

"Amekuja mwenyewe kusikiliza!" MaDlomo alipiga kelele kutoka upande wa pili. Hata yeye nilimsoma midomoni tu.

Nikapaza sauti. *Siwezi kukusikia.* Mwalimu alitazama saa, akaniandikia kwenye karatasi kwamba mtihani unajifunga saa kumi na mbili, na mwingine ni mwezi wa sita. Mwezi wa sita. Mikeka ile ya rangi itakuwa na msichana mwingine.

Ghafla giza likanifunika. Harufu ya moshi, ya sabuni ya mche na ya sufu ya kondoo. Lilikuwa blanketi la mama mkwe, lile zito analovaa akienda misibani na harusini, amelivua mwilini na kunifunika mimi na kishikwambi pamoja, kama hema. Kisha akarudi nyuma, maana kusaidiwa ni marufuku. Kelele ikawa mbali. Nilikaa mle ndani kama siku ile nilipoletwa, nimefunikwa hivyo hivyo, sijui nani atanipenda na nani hatanipenda. Mwanga wa kioo ulikuwa usoni mwangu.

Nikasoma. *Ile ya juu ilianza alfajiri.* Kijani. *Watoto walicheza katika ile ya juu.* Kijani. Kila nilipofika hapo nilimsikia MaDlomo na wote waliopanda kilima na sufuria, na Tata anapita kwa adabu. Nilikwama kwenye "mbolea", ambayo haina ukoo wowote na mimi. Hiyo ilikuwa nyekundu kwa kosa langu halali.

Themanini na nne.

Nilipotoa kichwa, mama mkwe hakuuliza. Aliangalia kioo, akakisoma mwenyewe, kidole chini ya tarakimu, midomo ikitembea. Kisha akakaa chini, akajifuta macho kwa pindo la kilemba.

Nje, Tata alikuwa amesimama chini ya upenu na farasi aliyelowa, Lelethu amechungulia kati ya vifungo vya koti lake. Hakuniuliza mimi, alimwuliza mkewe.

"Vipi?"

"Amepita. Na wewe ulitaka kumzuia mlangoni."

"Mimi? Nilikuwa hapa nashika mtoto!"

"Siyo wewe wa chini."

Lelethu akanyoosha mkono akagusa kofia ya babu yake. "Tatomkhulu, ile ya juu imekulowesha."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akaegemea farasi. Mimi niligeuza uso kama inavyonipasa, nikacheka nikiuelekea ukuta.

Januari nilianza kazi. Kitabu cha kwanza watoto walichonichagulia kilikuwa na picha ya wingu na bata, nikakisoma chote mara tatu kwa sababu hawakutaka kiishe. Wiki ya pili mama mmoja kijana alikuja kumchukua mwanawe mwenye miaka minne. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, anataka kucheka na anataka kukasirika.

"Dada Nosicelo, hebu nieleze. Tangu juzi mwanangu anasema ile ya juu, ile ya juu. Kwani huyu baba mkwe wake ni nani?"